Lisbon kwa miguu: uzi kwa wanaofikiria kuchukua matembezi mafupi ya kuongozwa

Mleta uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila anapotokea mwenzetu anayeuliza afanye nini akiwa na nusu siku tu katika mji wa kale wa Ulaya, majibu huwa ni yale yale: apande basi la watalii la ghorofa mbili, apige picha, arudi uwanja wa ndege. Ninaanzisha uzi huu kupinga ushauri huo, na nitautumia mji mmoja tu, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa sababu nimeuzoea na kwa sababu ni miji michache ya Ulaya ambayo historia yake imeshikana na ya pwani yetu mapema na kwa kina kama huu. Hoja yangu ni kwamba saa mbili au tatu za kutembea pamoja na kiongozi anayeijua kazi yake zitakuonyesha mambo ambayo basi haliwezi kukuonyesha, mradi uchague njia vizuri na uende ukiwa na maswali yako mwenyewe. Kiongozi asipoulizwa juu ya Kilwa na Mombasa, mara nyingi hatazitaja.

Nianze na utaratibu. Yapo matembezi ya kulipia kabla, ambayo kikundi chake huwa kidogo, na yapo yale yanayotangazwa kuwa ya bure, ambayo kwa kweli si ya bure. Unajiandikisha mtandaoni bila kulipa, unamkuta kiongozi amesimama na mwavuli wa rangi ya kampuni yake katika uwanja wa Rossio au ule wa Luís de Camões, na mwishoni unampa bakshishi kwa kadiri ulivyoridhika. Wengi hutoa kati ya euro 10 na 15 kwa mtu mmoja. Naomba jambo hili tulichukulie kwa uzito, kwa kuwa baadhi ya kampuni humtoza kiongozi ada kwa kila mtu aliyejiunga na kikundi, hivyo anayechomoka kimya kimya kabla ya mwisho humwachia mwenzake hasara. Vilevile ukijiandikisha kisha safari yako ikabadilika, ifute nafasi yako mapema.

Matembezi ya kawaida huanzia Rossio. Uwanja huu umesakafiwa kwa vijiwe vidogo vya chokaa vyeupe na vya basalti vyeusi, vilivyopangwa kwa mikono kufuata mchoro wa mawimbi tangu katikati ya karne ya 19, na ni vizuri kuvitazama vizuri kwa sababu mitaa mingi ya mji huu imesakafiwa kwa namna hiyo. Vikilowa mvua huteleza sana. Viatu vyenye soli ya mpira inayoshika ndiyo maandalizi ya kwanza, kabla hata ya kamera.

Upande wa kaskazini wa uwanja lipo jumba la taifa la michezo ya kuigiza, lililofunguliwa mwaka 1846 mahali lilipokuwa jumba la mahakama ya Kanisa iliyowasaka na kuwahukumu wazushi. Hatua chache kutoka hapo kuna kiwanja kidogo cha São Domingos, na binafsi ningependa kila kikundi kikae hapo muda mrefu zaidi kuliko inavyofanyika. Mwezi wa Aprili 1506, katika msimu wa ukame na tauni, ghasia zilizoanzia ndani ya kanisa la mahali hapo ziligeuka kuwa mauaji ya siku tatu dhidi ya Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa miaka michache kabla. Jiwe la kumbukumbu lenye nyota ya Daudi liliwekwa mwaka 2008. Kanisa lenyewe liliungua mwaka 1959, na walipolikarabati hawakuzificha nguzo zilizobabuka na kumeguka kwa moto. Ukiingia ndani unaweza kuweka kiganja juu ya jiwe lililopasuka. Katika kanisa hili pia ndipo ulipokuwa udugu wa Bikira Maria wa Rozari wa watu weusi, chama cha Wakristo Waafrika, watumwa na walioachwa huru, kilichowasaidia wanachama wake katika ugonjwa, mazishi na madai ya uhuru wao. Hadi leo wahamiaji kutoka Guinea-Bissau na nchi nyingine za Afrika hukutana katika kiwanja hiki, wengine wakiuza bidhaa za kwao. Kiongozi akisimama hapo kwa ajili ya kuonja pombe ya cheri peke yake, mwulize juu ya udugu huo.

Kutoka hapo kikundi huteremka kuelekea mto Tejo kwa Rua Augusta, na hapa ndipo uhondo ulipo. Umbali wote haufiki kilometa moja, lakini kiongozi mzuri ataweza kuutumia kwa karibu saa nzima. Kabla ya tarehe 1 Novemba 1755 eneo hili, linaloitwa Baixa, lilikuwa msongamano wa vichochoro vya zama za kati. Asubuhi ya siku hiyo, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa waumini na mishumaa ikiwaka altareni, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji. Walionusurika kuta zilizoanguka walikimbilia uwazi wa ukingo wa mto, na kabla ya saa moja kupita bahari ikawajia kwa mawimbi ya tsunami yaliyopanda mdomo wa Tejo. Moto ukaendelea kuunguza kwa siku kadhaa. Jumba la kifalme lililokuwa ukingoni mwa mto liliteketea pamoja na maktaba yake, na jumba la opera ambalo lilikuwa halijatimiza hata mwaka mmoja tangu kufunguliwa likaporomoka. Familia ya mfalme José wa Kwanza ilipona kwa kuwa ilikuwa Belém, nje ya mji, na mfalme huyo aliogopa kulala ndani ya kuta za mawe kwa maisha yake yote yaliyobaki, akahamia katika makazi ya mbao na mahema katika kilima cha Ajuda.

Aliyeshika hatamu alikuwa waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Markizi wa Pombal. Alimkabidhi kazi ya kupanga mji mhandisi Manuel da Maia, mzee wa umri uliokaribia miaka 80, akisaidiwa na Eugénio dos Santos na Carlos Mardel. Uamuzi wao ulikuwa kutokurudisha vichochoro vya zamani, bali kusawazisha kifusi na kuchora mitaa iliyonyooka, mipana, inayokatana kwa pembe mraba, na kila mtaa kugawiwa mafundi wake: Rua do Ouro kwa wafua dhahabu, Rua da Prata kwa wafua fedha, Rua dos Sapateiros kwa washona viatu, Rua dos Fanqueiros kwa wauza nguo. Ukisoma vibao vya mitaa hiyo unasoma mpango wa serikali wa karne ya 18.

Jambo ambalo macho hayalioni bila kuonyeshwa ni namna nyumba zilivyojengwa. Ndani ya kuta kumefichwa fremu ya mbao yenye maungio ya mshazari, ili jengo litikisike pamoja na ardhi badala ya kupasuka. Aliyewahi kuwatazama mafundi wa pwani wakisimamisha na kufunga fito kabla ya kukandika udongo ataielewa kanuni hiyo bila maelezo marefu. Inasimuliwa kwamba mfano wa nyumba hizo ulijaribiwa kwa kuwaamuru askari waandamane kwa kishindo kuuzunguka. Tazama pia juu ya mapaa: kuta zinazotenga nyumba na nyumba zimepandishwa kupita paa, ili moto wa jirani usivuke. Na chini ya yote, kwa kuwa udongo wa hapo umelowana na maji ya mto, nyumba zimesimama juu ya nguzo za msonobari zilizopigiliwa ardhini. Hizi unaweza kuziona kwa macho yako katika eneo la akiolojia lililo chini ya jengo la benki, Rua dos Correeiros, pamoja na mabirika ambamo Warumi walikuwa wakisindika samaki kwa chumvi. Kuingia ni bure, lakini unapaswa kuweka nafasi na kuongozwa.

Pombal alifanya jambo jingine ambalo mimi naliheshimu sana. Alituma hojaji kwa maparoko wa nchi nzima akiuliza tetemeko lilidumu kwa muda gani, bahari ilianza kwa kupanda au kushuka, wangapi walikufa, nyufa gani zilitokea ardhini. Majibu hayo yamehifadhiwa, na wataalamu wa matetemeko huyatumia mpaka sasa. Mtu huyo huyo aliwaua kikatili watu wa ukoo wa Távora mwaka 1759 na kuwafukuza Wajesuiti mwaka huo huo. Kiongozi anayekueleza upande mmoja tu wa Pombal amekupunja.

Nitaendelea na upande wa mto na Alfama, mtaa wa kale wa kilimani, baada ya kusoma maoni yenu.

Nanga:

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo haya. Nina mashaka mawili. Kwanza, haya yote uliyoyaandika mtu anaweza kuyasoma kwenye simu akiwa amekaa mkahawani, kwa nini basi alipe? Pili, ninasafiri na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua, na ninasikia Lisbon ni mji wa vilima vitupu. Hutuoni sisi wa basi kuwa tuna sababu?

Mleta uzi:

Ndugu Nanga, mashaka yako ni ya haki, na mama apewe heshima zake.

Kuhusu simu, ni kweli tarehe utazipata. Utakachokosa ni kuelekezwa macho. Mimi nilikuwa nimesoma habari za kuta zile za kuzuia moto, lakini sikuziona mpaka kiongozi aliposimama kwenye pembe ya mtaa, akaelekeza mwavuli wake juu, akasema tuhesabu mapaa. Pia kiongozi ni mkazi wa mji. Atakuambia ni nyumba zipi za mtaa huu bado zina wakazi na zipi zimegeuzwa vyumba vya kukodisha kwa watalii, kodi imepanda vipi, na bibi gani wa Alfama bado anaanika nguo dirishani kwa sababu amekataa kuuza. Maswali hayo unaweza kuyauliza na kujibiwa hapo hapo, na jibu la pili huzaa swali la tatu.

Kuhusu mama, nakubaliana nawe kwamba Alfama na mpando wa ngome ya São Jorge vitamtesa. Hata hivyo Baixa ni tambarare kabisa kutoka Rossio hadi mtoni, na matembezi ya kukodi kiongozi binafsi kwa saa moja na nusu ndani ya eneo hilo yanawezekana, mkipumzika kwenye viti vya viwanja. Mweleze kiongozi hali ya mama wakati wa kuweka nafasi, si mnapokutana. Katika kikundi cha watu 25 hakuna atakayemsubiri mzee, na kumtia katika kikundi hicho si kumtendea vizuri.

Mwana wa Kisauni:

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni wa Mombasa. Sisi tumekua chini ya kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili. Wanafunzi wetu hutembezwa ngomeni na kuambiwa Wareno walitoka Lisbon. Ningependa kujua, huko walikotoka, je, sisi tunatajwa?

Mleta uzi:

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa Mombasa. Swali lako ndilo lililonifanya niandike uzi huu, na jibu linaanzia mwisho wa Rua Augusta.

Ukipita chini ya tao kubwa unatokea katika uwanja wa Praça do Comércio, ambao wenyeji wengi bado wanauita Terreiro do Paço, yaani uwanja wa jumba la mfalme. Katikati pana sanamu ya mfalme José juu ya farasi, iliyozinduliwa mwaka 1775, na upande wa nne hauna jengo bali ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Hapa ndipo lilipokuwa lile jumba lililoteketea, na pembeni yake Casa da Índia, ofisi ya kifalme iliyosimamia biashara yote iliyopita Rasi ya Tumaini Jema: pilipili manga, pembe za ndovu, vitambaa, dhahabu. Vasco da Gama aliondoka Lisbon Julai 1497, akafika Mombasa Aprili 1498, ambako mambo hayakumwendea vizuri, akapokelewa Malindi na kupewa rubani aliyemvusha hadi Calicut mwezi Mei. Viongozi wengi wanayasema hayo kwa sentensi mbili, kisha wanakwenda India. Rubani wa Malindi hutajwa kama msaada uliojitokeza njiani, na si kama ushahidi kwamba bahari ile ilikuwa na mabaharia walioijua vizuri karne nyingi kabla ya Mreno kuiona. Hapo ndipo nakuombeni muinue mkono na kuuliza.

Swali zito zaidi ni la safari ya pili. Julai 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi kubwa la meli za kivita, akatia nanga Kilwa, akamtishia Amir Ibrahim kwamba ataupiga mji mizinga asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya utiifu kwa dhahabu. Amir alilipa. Dhahabu ile ilikuwa imechimbwa katika nyanda za Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na Kilwa ilikuwa imetajirika kwa kuisimamia biashara hiyo. Ilipofika Lisbon, mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza itengenezwe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyesha Ekaristi. Fundi Gil Vicente aliikamilisha mwaka 1506, mwaka ule ule wa mauaji ya São Domingos, na umbali kati ya mahali hapo na jumba la mfalme ni ule mliotoka kuutembea.

Chombo hicho kipo mpaka leo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Kimetengenezwa kwa dhahabu na enameli. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti wakizunguka mahali pa Ekaristi, kila mmoja akiwa na uso wake, na chini kwenye kitako kumezungushwa maandishi yanayosema kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa. Quíloa ni Kilwa. Nilijipinda kuzunguka kioo nikiyafuata maandishi hayo herufi kwa herufi, na naweza kuwaambia kwamba wao wenyewe waliandika ilikotoka dhahabu na ilivyopatikana, hawakuficha. Miaka mitatu tu baada ya malipo yale, mwaka 1505, kundi la Francisco de Almeida liliivamia Kilwa na kisha kuichoma Mombasa. Kwa hiyo ndugu wa Mombasa, ndiyo, tunatajwa, na tumetajwa kwa dhahabu. Ila makumbusho haya hayamo katika matembezi mafupi ya kawaida, na ni lazima uyaongeze mwenyewe.

Mjukuu wa Songo Mnara:

Mleta mada, mimi ni mzaliwa wa Kilwa. Kila mwaka wageni wanakuja kuona magofu ya msikiti mkuu na Husuni Kubwa, na wanaongozwa na vijana wetu. Nimesoma ulichoandika na nimeumia. Naona si sawa tuwapelekee fedha za kiingilio ili kutazama mali yetu. Je, hao viongozi wa Lisbon wanasema chochote kuhusu watu wetu, au ni dhahabu tu?

Mleta uzi:

Ndugu yangu, maumivu yako nayaelewa na siwezi kuyabishia. Mtu akiamua kutokuingia makumbusho yale kwa sababu hiyo, ana haki. Mimi naona ni heri tuingie, tusimame mbele ya kioo na kuwauliza wahudumu maswali, kwa sababu maelezo ya ukutani hubadilika pale wageni wanapouliza. Na ningependa sana vijana wanaoongoza wageni Kilwa Kisiwani wawaambie wageni hao, wakiwa mbele ya magofu, kwamba sehemu ya historia ya hapa imo ndani ya kabati la kioo Lisbon.

Kuhusu watu, hapa inabidi uchague matembezi tofauti. Hesabu iliyofanywa mwaka 1551 ilikuta karibu watumwa 10,000 katika mji wa watu wapatao 100,000, wengi wao wakitoka Afrika Magharibi. Yapo matembezi maalumu yanayofuata nyayo za Waafrika hao, na chama cha Batoto Yetu Portugal ni miongoni mwa wanaoyaandaa. Yatakupeleka Alfama, kwenye chemchemi ya Chafariz d'el-Rei, ambako kanuni ya mji ya karne ya 16 iligawa mifereji ya maji kwa jinsia, rangi na hadhi: wanaume weusi na watumwa walikuwa na wao, wanawake weusi wao, wanaume na wanawake weupe wao. Chemchemi bado ipo, imebanwa kati ya barabara na jumba lililojengwa juu yake, na watalii wanaipita bila kugeuza shingo. Mchoro wa karne hiyo hiyo wa mahali hapo unaonyesha wachukuzi weusi wa maji, mabaharia weusi, na Mwafrika mmoja juu ya farasi akiwa amevaa joho la shirika la heshima la wapiganaji la Santiago.

Halafu kuna mtaa wa Poço dos Negros, magharibi ya Baixa. Mwezi Novemba 1515 mfalme Manuel, yule yule wa monstransi, aliuandikia mji barua akiagiza lichimbwe shimo refu la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zinaachwa juu ya ardhi na kuliwa na mbwa, na akaagiza shimo hilo litiwe chokaa mara kwa mara. Jina la mtaa linahusishwa na agizo hilo. Leo kuna mikahawa na maduka ya kupendeza. Ninaamini mtu anayepita hapo na kiongozi anayejua hawezi kuuona mtaa huo kama alivyouona kwenye picha.

Mwanagenzi:

Naomba kuuliza kama matembezi haya yanagusa historia ya karibuni. Babu yangu alikuwa Nachingwea wakati wapigania uhuru wa Msumbiji wakifundishwa pale.

Mleta uzi:

Yanagusa, Mwanagenzi, na usikubali kuondoka bila kupanda Largo do Carmo. Ni kiwanja kidogo chenye miti, juu ya kilima cha Chiado, kando ya magofu ya kanisa lililoanzishwa mwaka 1389 ambalo paa lake liliporomoka mwaka 1755 na halikurudishwa tena. Matao yamebaki yakitazama anga. Katika kambi ya askari iliyopo hapo ndipo waziri mkuu Marcelo Caetano alipojificha tarehe 25 Aprili 1974, wakati maofisa vijana wa jeshi walipoiangusha serikali ya kidikteta iliyokuwa imetawala kwa zaidi ya miaka 40. Kapteni Salgueiro Maia alikizingira kiwanja kwa magari ya deraya, watu wa mji wakajaa mpaka juu ya miti, na jioni Caetano akasalimu amri. Mwendo mfupi kutoka hapo, Rua António Maria Cardoso, lilikuwapo jengo la polisi wa siri. Walifyatua risasi kwa umati siku hiyo na kuua watu wanne, na kibao cha kumbukumbu kipo ukutani.

Kiongozi atakueleza juu ya maua mekundu yaliyochomekwa kwenye mitutu ya bunduki, na ni kweli yalikuwapo. Wewe mwulize kwa nini maofisa wale waliasi. Walikuwa wamechoshwa na vita vya kuyashikilia makoloni ya Guinea-Bissau, Angola na Msumbiji, vita ambavyo havikuwa na dalili ya ushindi. FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikaanza mapambano Septemba 1964, ikampoteza kiongozi wake Eduardo Mondlane kwa bomu la kifurushi hapo hapo Dar es Salaam Februari 1969, na bado ikaendelea. Makubaliano ya Lusaka, ambayo Ureno ilikubali uhuru wa Msumbiji, yalitiwa saini Septemba 1974, miezi isiyozidi mitano baada ya siku ile ya Largo do Carmo. Babu yako na wenzake walichangia kuwaletea Wareno uhuru wao pia. Niliwahi kusema hivyo mbele ya kikundi, na kiongozi, ambaye baba yake alipelekwa vitani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, akiwa na miaka 20, alinyamaza kidogo, akakubali, kisha akatueleza habari za baba yake ambazo hazikuwa katika ratiba.

Nanga:

Umenishawishi. Naomba basi unipangie siku moja, mama akiwa amepumzika hotelini mchana. Lugha je?

Mleta uzi:

Lugha zilizozoeleka ni Kiingereza, Kihispania na Kireno. Ya Kiswahili sijayaona. Ukiwa na mwenzako asiyejua lugha hizo, kaeni nyuma kidogo ya kikundi ili umtafsirie bila kuwakera wengine, na mwombe kiongozi ruhusa mwanzoni.

Asubuhi, saa tatu au saa nne, mchukue mama kwa kiongozi binafsi katika Baixa, mmalizie ngazi za mtoni, ambako upepo ni mzuri na viti vipo. Akishapumzika, jiunge na kikundi cha mchana kinachopanda Alfama kupitia kanisa kuu, lililoanza kujengwa baada ya mji kutekwa kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Kwenye uwanja wa kutazamia wa Santa Luzia, geukia ukuta wa nje wa kanisa: vigae vya buluu vinaonyesha Terreiro do Paço kama ilivyokuwa kabla ya tetemeko, likiwamo lile jumba la mfalme. Kwa kuwa utakuwa umetoka kusimama uwanjani hapo asubuhi, utayaona mabadiliko mwenyewe.

Makumbusho ya Janelas Verdes yaachie siku ya pili, kwa sababu ukiyafikia ukiwa umechoka hutasoma maandishi. Kutoka Praça do Comércio ni kama nusu saa kwa miguu kuelekea magharibi, na ukipita juu kidogo utaukuta Poço dos Negros njiani. Mama anaweza kwenda kwa teksi mkakutana mlangoni. Hufungwa Jumatatu, kwa hiyo angalia tarehe ya safari yako kabla ya kununua chochote.